Barua ya wazi kwa Wizara ya Elimu: Kitabu kinakufa kabla mtoto wa pili hajakifikia

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, wakuu wa Taasisi ya Kukuza Mitaala (KICD) na Baraza la Kitaifa la Mitihani la Kenya (KNEC), Huduma ya Maktaba za Kitaifa, na wenzenu wa Hazina ya Kitaifa.

Salamu kwenu nyote. Tunaoandika ni wazazi na walimu tunaofundisha watoto nyumbani kwa Mtaala wa Umilisi. Hatuna nia ya kufufua mjadala wa kama elimu ya nyumbani ifungiwe mlango au ifunguliwe. Katiba, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, na watoto hawa wapo, wanasoma, na wanatahiniwa na KNEC. Tunaandika kuhusu vitabu. Hata hapo si bei ya dukani inayotukera zaidi. Kinachotukera ni kwamba kitabu kilichonunuliwa kwa mkubwa hakimfai mdogo wake anayemfuata kwa miaka miwili, na sababu nyingi za kutomfaa zimo mikononi mwenu.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu barua hii itakuwa manung'uniko tu. Mtoto wa Gredi ya 4 ana masomo manane: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Kilimo na Lishe, Sayansi ya Jamii, Sanaa Bunifu na Elimu ya Dini. Tuchukulie kitabu cha mwanafunzi kinatoka kwa mchapishaji kwa Sh600. Ongeza VAT ya asilimia 16, yaani Sh96, kinafika Sh696. Vitabu vinane ni Sh5,568. Mzazi anayefundisha mwenyewe anahitaji pia mwongozo wa mwalimu kwa kila somo, kwa sababu maelezo ya namna ya kupima umilisi yamo mle, wala hayamo katika kitabu cha mtoto. Mwongozo ukiwa wa bei hiyo hiyo, jumla inafika Sh11,136 kwa mtoto mmoja kwa mwaka mmoja, kabla hujanunua daftari, rangi, karatasi za manila, wala kitabu kimoja cha hadithi.

Katika shule ya umma mzigo huu mzazi haubebi. Tangu 2018 Serikali hununua vitabu moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni kwa lengo la kila mtoto kupata kitabu chake, tena kwa bei ya chini sana kuliko ya dukani, kwa kuwa inanunua kwa mamilioni. Hilo ni jema na hatulionei kijicho. Lakini lina makali ya pembeni. Vitabu hivyo hupigwa muhuri wa kukataza kuuzwa, na bado baadhi hupenya hadi kwa wauzaji wa kando ya barabara, kwenye zile inama za vitabu. Mzazi asiyejua hukinunua kwa nusu bei kumbe ni mali ya umma. Dalili zake ni muhuri uliokwanguliwa, jalada lililochanwa kona, au ukurasa wa kwanza uliong'olewa kabisa. Tunawaambia wenzetu: ukiona ukurasa wa kwanza haupo, kiache hapo hapo.

Sasa tuje kwenye kifo cha kitabu.

Kufuatia mapendekezo ya jopo la Rais kuhusu mageuzi ya elimu, masomo yalipunguzwa kuanzia 2024: Gredi ya 1 hadi 3 yakawa saba, Gredi ya 4 hadi 6 yakawa manane kutoka kumi na mawili, na sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) yakawa tisa kutoka kumi na manne. Uamuzi wenyewe tuliupokea kwa mikono miwili. Mtoto wa miaka kumi mwenye masomo kumi na mawili alikuwa amebebeshwa gunia. Shida ni jinsi vitabu vilivyoachwa solemba. Sayansi Kimu na Kilimo vikaunganishwa vikawa Kilimo na Lishe. Sanaa na Ufundi pamoja na Muziki vikaingia Sanaa Bunifu. Nyumba iliyokuwa na vitabu vinne safi, vilivyofunikwa nailoni na kutunzwa kwa ajili ya mdogo, ikaambiwa inunue vipya viwili. Na vile vinne vya zamani? Si kwamba yote yaliyomo yalifutwa. Sehemu kubwa ya mada za kupika, kutunza udongo na kufuga wanyama wadogo bado inafundishwa. Lakini hakuna karatasi yoyote iliyotolewa kumwambia mzazi kwamba mada ndogo hii imebaki, hii imehamia gredi nyingine, hii imeondolewa, na hii ni mpya.

Hilo ndilo ombi letu la kwanza, na kama mtachukua moja tu katika barua hii, chukueni hili. Kila mtaala au kitabu kinapofanyiwa marekebisho, KICD itoe jedwali la mabadiliko. Si ripoti. Karatasi moja ya A4 kwa kila somo na kila gredi, mbele na nyuma, yenye safu nne: mada ndogo, ukurasa katika toleo la zamani, ukurasa katika toleo jipya, na hali yake, yaani imebaki, imehama, imeondolewa au ni mpya. Mchapishaji ana taarifa hizi tayari, kwa sababu mhariri wake hawezi kuandaa toleo jipya bila kuzijua. Lifanyeni liwe sharti la idhini: hakuna kitabu cha toleo la pili kitakachoingia kwenye Orange Book, ile orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa, bila jedwali lake.

Faida yake ionekane kwa mfano. Tuseme mada ndogo 30 za somo fulani zimepitiwa, na 24 zimebaki vilevile au zimehama kurasa tu. Kwa jedwali, mzazi anaendelea na kitabu cha zamani na kutafuta mada sita pekee kwenye maktaba au kwa jirani. Bila jedwali, ananunua kitabu kizima kwa hofu. Hofu hiyo ndiyo inayouza vitabu siku hizi, na muuzaji anaijua: ukiingia dukani na kuuliza kama toleo la zamani bado linafaa, jibu utakalopewa unalijua kabla hujamaliza kuuliza.

Leo hii jedwali hilo tunalitengeneza wenyewe kwa mkono. Kwanza tunapakua muundo wa mtaala wa gredi husika kutoka tovuti ya KICD. Unapatikana bure, na kwa hilo tunashukuru. Tunanakili mada kuu na mada ndogo zote kwenye daftari, moja kwa mstari. Kisha tunafungua kitabu tulicho nacho na kuandika namba ya ukurasa mbele ya kila mada ndogo. Mstari unaobaki mtupu ndio unaotafutiwa kitabu. Somo moja huchukua jioni moja, masomo manane ni wiki nzima na zaidi. Kosa linalotokea mara nyingi ni kulinganisha kwa kichwa cha sura badala ya matokeo yanayotarajiwa: sura mbili zinaweza kuitwa "Vipimo", lakini moja inaishia kwenye sentimita na nyingine inataka mtoto abadili sentimita kuwa mita. Mzazi anayelinganisha vichwa tu hugundua pengo wakati wa tathmini, akiwa amechelewa.

Mwongozo wa mwalimu ni jambo la pili. Shuleni mwongozo mmoja unatumikia darasa la watoto arobaini au zaidi. Nyumbani unatumikia mtoto mmoja au wawili, kwa hiyo gharama yake kwa mtoto haipungui. Ni kitabu ambacho mtoto hakishiki, hakina haja ya picha za rangi, wala hakihitaji kuchapishwa kwenye karatasi nzito. Tunaomba miongozo yote ya vitabu vilivyoidhinishwa iwekwe mtandaoni bure, kwenye Kenya Education Cloud, jukwaa la KICD la masomo ya mtandaoni. Wenzetu wa Tanzania wameshapiga hatua kubwa kuliko hii: Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyenyewe vya kiada kwenye maktaba yake mtandao, mzazi wa Tanga au wa Kigoma anafungua na kusoma bila kulipa. Tunajua kule vitabu vya kiada vinaandikwa na taasisi ya serikali na hapa vinaandikwa na kampuni binafsi, kwa hiyo hatuombi kila kitu. Tunaomba mwongozo tu. Mchapishaji hapotezi mengi, kwa sababu anayepakua mwongozo wake atanunua kitabu cha mwanafunzi kinacholingana nao.

Na mkiweka, wekeni vizuri. Faili iliyotengenezwa kwa kupiga picha kurasa huweza kufika megabaiti 60, haiwezi kutafutwa neno, na ikichapishwa hutoka na kivuli cheusi ukingoni kinachokula wino. Faili ya maandishi halisi ya kitabu hicho hicho haifiki hata robo ya uzito huo. Igaweni kwa mada kuu ili mwenye bando la siku moja apakue anachofundisha wiki hii. Mwaka 2020 shule zilipofungwa na kila sebule ikawa darasa, KICD ilipeleka masomo kwa redio, runinga na mtandao ndani ya muda mfupi. Uwezo upo.

Kuhusu ushuru tutasema kwa kifupi, ingawa pesa iliyomo si fupi. Vitabu vilianza kutozwa VAT kwa Sheria ya 2013, na wachapishaji wamelalamika tangu siku hiyo. Katika mfano wetu wa Gredi ya 4, ushuru wa vitabu vinane vya mwanafunzi ni Sh768: bei ya kitabu kimoja kizima na chenji juu. Tahadhari yetu kwa Hazina ni hii: msikubali suluhisho la kusamehe ushuru, lifanyeni kuwa la kiwango cha sufuri. Mtu wa kawaida huona ni mamoja, lakini sivyo. Bidhaa ikisamehewa, mchapishaji hawezi kudai alicholipa kama VAT kwenye karatasi, wino na kazi ya kiwanda, kwa hiyo atakificha ndani ya bei. Ikiwa ya kiwango cha sufuri, anarudishiwa, na hapo ndipo mna haki ya kumuuliza kwa nini bei haijashuka.

KNEC, hili linawahusu ninyi. Mtoto wa nyumbani hupata namba ya tathmini kupitia shule inayokubali kumsajili. Matokeo ya sekondari msingi yanajumlisha asilimia 20 za KPSEA (tathmini ya mwisho wa Gredi ya 6), 20 za tathmini za shuleni katika Gredi ya 7 na 8, na 60 za KJSEA (tathmini ya mwisho wa Gredi ya 9). Kwa hiyo huwezi kumleta mtoto siku ya mtihani tu, lazima awe na shule inayompokea miaka yote. Shule hizo nyingi ni za binafsi, na tunazishukuru. Lakini zipo zinazompa mzazi orodha yao ya vitabu na kumwambia mtoto hatafanyiwa tathmini bila kuwa navyo, wakati mzazi ameshanunua vya mchapishaji mwingine vilivyoidhinishwa vilevile na KICD. Tathmini inatungwa kutokana na muundo wa mtaala. Haitungwi kutokana na kitabu cha kampuni fulani. Waraka wenu wa aya moja ungetosha: mtahiniwa anaweza kutumia kitabu chochote kilichoidhinishwa kwa gredi yake, na hakuna shule inayoruhusiwa kumdai zaidi ya hapo. Aya moja hiyo ingeokoa nyumba nyingi kununua seti mbili.

Tunajua mtauliza kwa nini watu hawa wasitoe kopi. Wengi wanatoa, na wengi wanapata hasara bila kujua. Kitabu cha kurasa 200, kurasa mbili kwa upande mmoja wa karatasi, ni pande 100. Kwa Sh3 kila upande ni Sh300, ongeza kuunganisha kwa pete Sh100, jumla Sh400. Hapo umeshavunja Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na ulichopata ni kitabu kisicho na rangi. Gredi ya 1 hadi 3 zoezi linasema "zungushia maua mekundu" na maua yote ni ya kijivu. Herufi nazo zimepungua hadi mtoto anainamisha kichwa mezani. Kitabu cha mitumba cha Sh300 kingekuwa bora mara tatu. Cha wizi wa uchapishaji ndio kibaya zaidi: picha zimefifia, rangi zimekaa pembeni ya mistari yake, kurasa nane au kumi na sita hazipo kwa sababu karatasi nzima ya kiwandani iliachwa, na gundi ya mgongo inaachia kabla ya likizo ya Aprili.

Tunachohitaji kunakili kwa kweli ni kurasa za mazoezi tu, zile ambazo mtoto anaandika ndani. Hizo ndizo zinazomaliza kitabu. KOPIKEN, chama kinachosimamia haki za kunakili vitabu, hutoa leseni za kunakili kwa taasisi na maduka ya kopi. Tunaomba Wizara ikae nao na wachapishaji watoe leseni ya familia, kwa ada ndogo ya mwaka, ya kunakili kurasa za mazoezi za kitabu ambacho nyumba imekwisha kukinunua. Au, rahisi zaidi, KICD ikatae kuidhinisha kitabu cha mwanafunzi chenye nafasi za kujaza kuanzia Gredi ya 4 kwenda juu. Mtoto wa umri huo ana daftari. Nafasi iliyo wazi ndani ya kitabu haimfundishi chochote ambacho daftari la kurasa 96 haliwezi. Inahakikisha tu kwamba mwakani kitanunuliwa kingine.

Kwa sasa tunazikwepa nafasi hizo kwa mfuko wa plastiki angavu wa kuwekea hati. Unatelezesha ukurasa ndani, mtoto anaandika juu ya plastiki kwa kalamu ya ubao mweupe, mnasahihisha, mnafuta kwa kitambaa kikavu. Usiache maandishi yalale hadi kesho, hasa ya wino mwekundu, maana yatahitaji spiriti kuondoka na plastiki itapata ukungu. Kitabu kilichoachia mgongo kinatengenezeka pia: paka tabaka jembamba la gundi nyeupe ya mbao kwenye ukingo wa kurasa, laza kitambaa cha pamba chenye upana wa vidole vitatu juu yake, funga jalada, weka tofali usiku kucha. Gundi ya super inakauka kama kioo na kupasuka mara ya kwanza kitabu kikifunguliwa, isitumike. Tunayasema haya ili mjue kwamba hatujakaa tukingoja kusaidiwa.

Familia zinazotumia mitaala ya nje hazisalimiki. Ule mtaala wa Kikristo wa Marekani wa vijitabu, ACE, una vijitabu 12 kwa kila somo kwa mwaka; masomo sita ni vijitabu 72, na vyote vinaandikwa ndani. Kinachobaki kwa mdogo mtu ni vitabu vya majibu peke yake. Ndiyo maana wengi wanaouacha wanarudi kwenye mtaala wetu, na wanaporudi wanakuta yale tuliyoyaeleza.

Mwisho ni maktaba. Kitabu cha kiada hakisomwi kwa siku kumi na nne; kinasomwa kwa muhula. Tunaomba kila maktaba ya kaunti iwe na masanduku ya muhula: sanduku moja kwa gredi moja, ndani yake vitabu vinane vya mwanafunzi, miongozo minane, na vitabu 20 vya hadithi, nusu vya Kiswahili. Linaazimwa wiki ya kwanza na kurudishwa wiki ya mwisho, kwa amana inayorejeshwa baada ya kuhesabu na kukagua. Si lazima mnunue vipya. Kuna shule zilizopokea vitabu vingi kuliko idadi ya watoto wake, na vimefungwa stoo vikingoja mchwa. Kaguzi moja ya kaunti ndogo, ikiongozwa na ofisi ya elimu iliyopo, ingevikusanya. Muhuri wa kukataza kuuzwa hauzuii kuazimwa.

Na tarehe. Mwaka wa masomo unaanza Januari, lakini vitabu vya Januari vinaagizwa na maduka Oktoba, na nyumba zenye watoto watatu huanza kuweka akiba mapema kuliko hapo. Tangazo la mabadiliko likitoka Desemba, duka limeshajaza rafu za toleo la zamani na litaliuza hadi liishe. Mzazi atalinunua, kisha Februari atarudi kununua jipya. Jedwali la mabadiliko na orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa vya mwaka unaofuata vitoke kabla ya Septemba 30. Yakitokea mabadiliko baada ya tarehe hiyo, yangoje mwaka mwingine, na toleo la zamani lihesabiwe kuwa halali kwa tathmini zote kwa miaka mitatu tangu jipya litoke. Miaka mitatu tumeitaja makusudi: ndiyo inayotosha kumfikisha mdogo kwenye dawati la mkubwa wake.

Tuko tayari kuleta majedwali tuliyoyatengeneza wenyewe ya Gredi ya 4 hadi 6, masomo yote manane, yatumike kama kielelezo au yakosolewe. Tutayaleta yakiwa yamechapwa na kwenye flashi, ofisi yoyote mtakayotuelekeza.

Wenu,
Wazazi na walimu wa elimu ya nyumbani
Nairobi, Nakuru na Mombasa